Wageni Wakija

Janeffer Chepngeno alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde, na mtu aliyemwona kwa mara ya kwanza angedhani ni mkali. Hakuwa mkali hata kidogo. Alipenda kucheka, alipenda chai iliyojaa maziwa, na alipenda mambo ya watu. Haukuwa umbea. Raha yake ilikuwa kuona mke na mume waliofika wamenuniana wakiondoka wanabishana nani atabeba mwavuli.

Alizaliwa upande wa Sotik, akaolewa juu kidogo ya Kaplong, kwenye mteremko ambao chai imepandwa mpaka ukingoni mwa kijito. Mumewe alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha chai, mtu mpole ambaye kila jioni alikuwa akimsimulia mkewe yaliyotokea kazini kana kwamba ni habari za redio. Alipofariki, mwaka wa themanini na nane, Janeffer alibaki na watoto, Nelvine na wadogo zake, ng'ombe wawili, shamba la chai, na sifa moja ambayo hakujua kwamba anayo: watu wote pale waliiona ndoa yake kuwa nzuri.

Padri ndiye aliyemwambia. "Mama Nelvine, wewe ulikaa vizuri na mzee wako. Hebu tusaidie na hawa wengine."

Hivyo ndivyo alivyoanza kukaa na wanandoa kila Alhamisi alasiri, katika chumba cha watoto wa Sunday school nyuma ya kanisa. Hakukaa peke yake. Alipangwa pamoja na Mzee Benard Kipkosgei, aliyekuwa nyapara kwenye shamba kubwa la chai huko Kericho hadi alipostaafu. Mzee Benard alikuwa mfupi, wa kuvaa koti hata jua likiwaka, na unyapara haukuwa umemtoka. Akisema "kaa", hata paka aliyekuwa akipita dirishani alisita.

Wawili hao walikuwa na namna yao. Mzee alimsikiliza mume kwanza. Kisha alimgeukia mke na kuuliza, "Sasa mama, unasema nini juu ya hayo?" Mwishoni Janeffer alimchukua yule mke kando, akamshika mkono na kumwambia kwa upole jinsi ya kutuliza nyumba. Watu walirudi kwao na wengi hawakuja tena, na wao wawili walihesabu kwamba wamepona. Janeffer alijiona kuwa mtetezi wa wanawake. Kwani si yeye aliyewashika mikono?

Mwaka wa tisini na sita ndipo alipokuja Wacuka.

Wacuka alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mzaliwa wa Kericho mjini. Wazazi wake walikuwa wametoka Nyeri zamani kuja kufungua duka la vitambaa. Alikuwa amesomea ushauri wa familia Nairobi, na kanisa lilimtuma azunguke akikaa na washauri wa vijijini, awafunze kidogo na ajifunze kidogo. Alifika na begi la nguo na redio kaseti kubwa ya betri. Siku ya kwanza aliongea juu ya jinsia, na namna mshauri anavyoweza kumpendelea mume au mke bila yeye mwenyewe kujua.

Mzee Benard alimsikiliza mpaka mwisho, akavuta koti lake vizuri. "Binti yangu, hiyo ni mambo ya Beijing," alisema. Mwaka uliopita kulikuwa na ule mkutano mkubwa wa wanawake huko Uchina, na tangu siku hiyo kila mwanamke aliyeomba jambo lolote aliambiwa ametoka Beijing. "Hapa Kaplong sisi tunasikiliza watu wote."

"Hiyo ni kweli," Janeffer alimuunga mkono. "Mimi mwenyewe ni mwanamke. Nitawapendelea wanaume namna gani?"

Wacuka hakubishana. Aliuliza tu kama angeweza kurekodi kikao kimoja kwenye kaseti, wenyewe wakikubali, halafu wasikilize pamoja. Mzee aliona hakuna ubaya. Kwa kweli alifurahi kidogo. Hakuwahi kusikia sauti yake ikitoka kwenye redio.

Alhamisi iliyofuata waliletwa Kipkurui na mkewe Phelis. Waliletwa kweli, maana mama yake Kipkurui, Kogo Tapkigen, yaani Bibi Tapkigen, alitembea nyuma yao na fimbo mpaka mlangoni, kama mtu anayepeleka ng'ombe dipu. "Hawa hapa," alimwambia Mzee Benard. "Mtengeneze." Akaondoka bila kuketi.

Kila mtu pale kijijini alijua habari yao. Miaka miwili nyuma Kipkurui alianguka kutoka juu ya paa akipigilia mabati, akavunjika mguu. Alikaa miezi na plasta, kwenye kigoda kando ya moto, huku Phelis akichuma chai, akiibeba mpaka kituo cha kupimia majani, na kurudi jioni kupika. Siku moja Kipkurui alichoka kumwangalia mtu aliyechoka. Akavuta sufuria, akapika ugali, na ukaungua. Wa kesho yake haukuungua. Plasta ilipotolewa alikuwa anapika mboga ya isagek ambayo hata majirani walinusa wakipita. Mguu ulipona sawasawa. Lakini Kipkurui hakutoka jikoni. Phelis naye alikuwa mwepesi wa mikono kwenye chai hivi kwamba wakulima wenzake walimchagua kwenye kamati ya kituo.

Janeffer alikuwa amewaona tangu mbali wakija njiani. Walikuwa wakiongea.

Ndani ya chumba Wacuka aliwaonyesha redio na kuwaomba ruhusa. Phelis aliitazama kwa wasiwasi. "Hiyo kitu haitatusema kwa habari ya saa moja?" Wote walicheka, hata Kipkurui, na Wacuka akaapa kwamba kaseti itafutwa. Akabonyeza kidude, na kikao kikaanza.

"Kipkurui, mwanangu," Mzee Benard alisema, "ni nini kimekupata nyumbani kwako?"

"Hakuna kitu mbaya, Mzee. Napika tu."

"Unapika tu." Mzee alirudia kama mtu aliyetajiwa jina la ugonjwa. "Na mama anafanya nini ukipika?"

"Anachuma chai."

Mzee alimgeukia Phelis. "Mama Chebet, ulimfanya nini huyu kijana?"

"Sikumfanya kitu," Phelis alijibu. "Mguu ilivunjika, nikachukua shamba. Mguu ikapona, yeye akapenda jikoni. Hiyo si shida yangu, Mzee. Shida ni wageni wakija—"

"Wageni ni baraka, mama. Tumalize ya jikoni kwanza."

Kikao kiliendelea kwa muda mrefu. Wacuka naye aliuliza maswali mawili matatu. Mwishoni Janeffer alijisogeza karibu na Phelis, akamshika mkono kama alivyozoea. "Dada yangu, mwanamume ana moyo wake. Hata asiposema, anaumia. Mrudishie heshima yake polepole. Anza na chai ya asubuhi."

"Lakini Mama Nelvine, wageni wakija—"

"Vumilia tu. Utaona."

Kipkurui aliambiwa aanze kwenda shambani Jumatatu. Alisema ndiyo. Phelis aliambiwa arudi jikoni. Alisema ndiyo. Waliaga kwa adabu na kushika njia, Kipkurui mbele, mkewe nyuma, na safari hii hakuna aliyemwambia mwenzake neno. Janeffer aliwatazama mpaka walipopotea kwenye kona, na kitu kikamkaa vibaya moyoni. Hawakuja hivyo.

Jioni ileile walikusanyika kwake kusikiliza. Janeffer alipika chai, Mzee Benard akaketi karibu kabisa na redio, Wacuka akarudisha kaseti mwanzo. Kwanza walisikia kuku. Kisha ikaja sauti ya Mzee, nzito na nzuri, na mwenyewe akatabasamu.

Tabasamu halikukaa. Kadiri kaseti ilivyozunguka ndivyo sauti ya Mzee ilivyozidi kujaa chumba, na sauti ya Phelis ikawa kama mtu anayejaribu kuvuka barabara yenye malori. Anaanza, anasimamishwa. Anaanza tena, anasimamishwa. "Wageni wakija—" Mzee akakata. Baadaye kidogo, "Sasa hao wageni wakija—" Mzee akakata tena kumuuliza Kipkurui kama ni kweli mkewe anamfokea.

"Huyu mama alikuwa anataka kusema nini juu ya wageni?" Wacuka aliuliza.

Hakuna aliyejua.

"Redio yako ina shida," Mzee Benard alisema. "Inapandisha sauti yangu."

Kisha ikaja sauti ya Wacuka mwenyewe. Ilimuuliza Phelis ana watoto wangapi. Halafu ikamgeukia Kipkurui: "Na wewe baba, unafanya kazi gani?" Kipkurui akajibu, "Napika." Sauti ya Wacuka ikasema, "Hapana, namaanisha kazi."

Wacuka alifunika uso kwa mikono miwili. Alikuwa amesoma vitabu vyote vya mambo haya, na alikuwa amemuuliza mwanamke habari ya watoto na mwanamume habari ya kazi, kisha akakataa jibu alilopewa. "Woi," alisema kupitia vidole. "Na mimi ndiye niliyekuja kuwafunza!" Alianza kucheka, na kicheko chake kikamwambukiza Janeffer, wakacheka mpaka chai ikamwagika kwenye kitambaa cha meza.

Lakini Janeffer alinyamaza ghafla, kwa sababu sasa aliisikia sauti yake mwenyewe. Ilikuwa tamu kama asali. Mrudishie heshima yake. Phelis akajaribu kwa mara ya mwisho, wageni wakija, na ile sauti tamu ikamfunika kabisa: vumilia tu.

Kaseti ilifika mwisho ikajizima yenyewe. Nje ng'ombe wa Janeffer alikuwa akilia akitaka kukamuliwa.

"Mzee alimkata," Janeffer alisema taratibu. "Lakini mimi ndiye nilifunga mlango. Na nilikuwa nimemshika mkono."

"Wote watatu," Wacuka alisema. "Mama Nelvine, watu wanakuja kwetu na picha yao ya mume ni nani na mke ni nani. Sisi pia tunayo. Shida yetu ni kwamba tunadhani tumeiacha nyumbani."

"Na tuliwapa dawa," Janeffer alisema. "Hata hatukuuliza wanaumwa wapi."

Mzee Benard aliinuka, akachukua kofia yake, akasema giza linaingia, na akaenda bila kumaliza chai. Haikuwa kawaida yake kuacha chai.

Asubuhi Janeffer aliteremka mpaka shamba la Kipkurui. Umande ulikuwa bado kwenye majani. Phelis alikuwa katikati ya mistari, kikapu mgongoni, mikono ikienda kama ya mtu anayepiga taipu. Janeffer aliingia mstari wa pili, akaanza kuchuma naye bila kualikwa. Walichuma mpaka mwisho wa mstari.

"Mama Chebet," alisema hatimaye. "Wageni wakija, nini?"

Phelis alisimama. Alimtazama kuona kama anatania. "Mmenisikia?"

"Jana jioni. Kwa redio."

Phelis alicheka kidogo, kisha akatikisa kichwa. "Sitakuambia hapa. Nikikuambia hapa itakuwa ni maneno ya wanawake shambani. Nataka niseme yeye akiwa hapo. Na yule mzee akiwa hapo."

Kumpata mzee kulihitaji kazi. Janeffer alikwenda kwake amejiandaa kumbembeleza, lakini alimkuta Mzee Benard ameketi nje akiwa mnyonge, na mkewe ndani akiimba wimbo wa furaha.

"Nilimwambia huyu mama habari ya kaseti," Mzee alieleza. "Nilidhani atanihurumia. Alicheka mpaka akakaa chini. Aliniambia, 'Baba, umejisikia jana? Mimi nimekusikia miaka thelathini!'" Alivuta pumzi. "Halafu akanipikia chakula kizuri sana. Sijui ni kwa nini alifurahi hivyo."

"Utakuja Alhamisi?"

"Nitakuja. Lakini mniwekee mtu wa kunifinya nikimkata mtu."

Alhamisi ilipofika, Mzee Benard alikalia mikono yake. Aliiweka chini ya mapaja, akabana midomo, na Wacuka alilazimika kuangalia dirishani asicheke. Kogo Tapkigen hakuitwa. Redio haikuletwa. Janeffer aliwakaribisha wawili hao na akasema jambo moja tu: "Juma lililopita tuliwasikiliza vibaya. Leo tunaanza upya. Mama Chebet, sema, na hakuna mtu atakukata."

Phelis alitengeneza kitambaa kichwani. Alimtazama mumewe, si washauri.

"Wageni wakija, wewe unatoka jikoni mbio," alisema. "Unavua leso, unaficha nyuma ya mlango. Unakaa kwa kiti, unashika gazeti ya mwezi jana. Halafu unaita na sauti kubwa, 'Mama Chebet! Leta chai!' Na mimi ndio nimefika kutoka shamba, miguu yangu imelowa. Chai umepika wewe. Sijui kama umeweka sukari. Nikikuuliza pole pole, unanikodolea macho. Wageni wanakunywa, wanasema, mama, chai yako ni tamu. Nasema karibu. Kila siku nasema uwongo nikiwa nimeshika birika."

Kipkurui alikuwa ameinamisha kichwa.

"Hiyo naweza kubeba," Phelis aliendelea. "Lakini ile siku ya mjomba yako, nyama ilikuwa na chumvi mingi. Mjomba aliniuliza mbele ya watu, mama yako hakukufunza kupika? Akamtaja mama yangu, Baba Chebet. Na wewe ulinyamaza. Chumvi ni wewe uliweka, na ulinyamaza."

Mzee Benard alifungua mdomo, akaufunga. Janeffer mwenyewe alihisi mkono wake ukitaka kwenda kumshika Phelis na ulimi ukitafuta neno la kupoza, akajizuia.

"Hiyo siku sijaisahau," Kipkurui alisema hatimaye. "Niliona uso yako. Usiku sikulala. Nilitaka kusema ni mimi, lakini nilijua mjomba atapeleka hiyo maneno mpaka Sotik. Wataniita msichana. Rika yangu hawataniachia." Alijipangusa macho kwa mkono wa shati. "Nakuomba msamaha. Na mama yako, nitaenda kumuomba msamaha yeye pia, hata kama hajui kwa nini."

Phelis, aliyekuwa amejikaza muda wote, alicheka machozi yakimtoka. "Atafikiri umelewa."

"Wacha afikiri."

Hapo ndipo Mzee Benard alipoomba ruhusa kwa kuinua mkono kama mtoto wa shule. Janeffer alimpa. Mzee alimwangalia Kipkurui na kumuuliza jambo ambalo katika miaka yote ya Alhamisi hakuwahi kumuuliza mwanamume yeyote. "Mwanangu, wewe mwenyewe unafurahia nini?"

Kipkurui alishangaa. "Hakuna mtu ameniuliza hivyo. Wote wananiuliza kama mke amenikalia." Alifikiri. "Mimi jikoni nasikia raha, Mzee. Moto ukishika vizuri, watoto wakirudi kutoka shule wakikaa hapo karibu wananiambia mambo. Baba yangu hakujua hata jina ya mwalimu wangu. Mimi najua ya wote."

"Na wewe, mama?"

"Mimi nataka shamba na kamati," Phelis alisema bila kusita. "Na nataka asiniite na ile sauti."

Mzee alitikisa kichwa kwa muda, akitafakari. Alipowatazama washauri wenzake, alikuwa na uso wa mtu aliyeambiwa kwamba kuna chumba kingine nyumbani kwake. "Basi sisi tuwape kazi gani hawa?" aliuliza. "Mimi naona wanajua."

Kazi walijipa wenyewe. Jumapili moja mwezi wa nane, binti yao Chebet alikuwa anapokea kipaimara, na wageni wangejaa boma: mjomba, rika ya Kipkurui, Kogo Tapkigen, wanakamati wa kituo, na jamaa mmoja mfanyabiashara wa Sotik, Orina, Mkisii aliyekuwa akinunua maziwa yao. Kipkurui alisema siku hiyo atapika na hatavua leso.

Janeffer alifika mapema, kwa upendo na kwa udadisi pia. Moshi ulikuwa unapanda kutoka jikoni tangu alfajiri. Wageni walipoketi chini ya turubai, Phelis alitoka nyumbani na rinda jipya la bluu, akakaa kwenye kiti katikati yao na miguu yake ikiwa mikavu. Wanawake walimtazama. Akawaambia, "Karibuni," akaendelea kukaa.

Kisha mlango wa jikoni ukafunguka, Kipkurui akatoka na sinia ya nyama, leso nyekundu imefungwa kiunoni, majivu kwenye paji la uso. Wanaume wa rika yake waliacha kuongea. Mjomba aliyemtukana Phelis alishika goti lake.

"Chakula ni mimi nimepika," Kipkurui alisema. "Hata ile ya siku ingine, Mjomba, yenye chumvi. Ilikuwa ni mimi. Mama Chebet hakuwa na makosa, na mama yake hakuwa na makosa. Leo nimeonja kabla ya kuleta."

Mjomba alitazama kulia na kushoto, akikosa mahali pa kuweka macho. Orina ndiye aliyemwokoa. Alichukua kipande, akatafuna, akafumba macho. "Wewe bwana," alisema, "hii umeweka nini? Nieleze polepole, mke wangu Bitutu atataka kujua."

"Ama wewe ndio utataka?" mtu mmoja akarusha neno kutoka nyuma, na kicheko kikapasuka chini ya turubai. Mjomba pia alicheka, akanyoosha mkono kwenye sinia. Baadaye, watu wakiwa wameshiba, alionekana akimnong'oneza Phelis jambo, na Phelis akimpa mkono.

Kogo Tapkigen alikuwa bado ameshika fimbo yake. Kipkurui alimwendea na kibuyu, akammiminia mursik, ule mtindi wa kibuyu kilichosafishwa kwa mkaa, kazi ambayo Kogo aliamini hakuna mwanamume anayeweza kuigusa bila kuiharibu. Bibi alikunywa kidogo. Akaushikilia mdomoni. Akameza.

"Nani alitengeneza hii?"

"Mimi, mama."

Wote walingoja. Kogo alikunywa tena, safari hii mpaka nusu.

"Mkaa umezidi kidogo," alisema kwa ukali, kisha akanyoosha kikombe aongezewe.

Si kwamba tangu siku hiyo kila kitu kilinyooka pale kijijini. Mwanamume mmoja alimtoa mkewe kwenye kikao akisema chumba kimeingiliwa na Beijing, na Janeffer hakuweza kuwafuata. Mzee Benard alisahau mara kwa mara na kurudi kwenye unyapara wake, na ilibidi afinywe kweli. Janeffer mwenyewe aligundua kosa jingine: alikuwa ameanza kuwashuku waume wote kabla hawajafungua mdomo, na ni Mzee aliyemwambia, kwa heshima, wakitoka kikaoni. Alimshukuru. Wakaenda wakibishana mpaka njia panda.

Lakini Alhamisi zilibadilika. Watu walianza kuja wenyewe bila kusindikizwa na fimbo, wengine kutoka Sigowet kule chini, wakileta mayai na parachichi. Wanaume walikuwa wanatoka mle ndani na nyuso laini kuliko walivyoingia. Wacuka alipohamishwa kurudi Kericho, Kipkurui alimpikia chakula cha kuagana, na binti yule wa mjini alipanda gari na mfuko mzima wa isagek iliyokaushwa.

Desemba ya mwaka uliofuata, Nelvine, binti wa kwanza wa Janeffer, aliolewa na Weldon, kijana wa duka la vyuma pale Sotik. Ulipofika wakati wa mama kumpa bibi harusi mawaidha, Janeffer alipewa maikrofoni ambayo kwa sauti yake hakuihitaji. Shangazi wote walimsogeza Nelvine mbele, kama ilivyo desturi, na Nelvine akainamisha kichwa tayari kuambiwa.

"Na Weldon yuko wapi?" Janeffer aliuliza.

Bwana harusi alikuwa ameshaketi, soda mkononi. Alisukumwa na wenzake mpaka akasimama kando ya mkewe, akiwa haelewi.

"Weldon, mwanangu, Nelvine akirudi nyumbani amechoka, utafanya nini?"

Weldon alifikiri kwa bidii. "Nitamwambia pole."

Hema lote liliangua kicheko.

"Asante. Na baada ya pole?"

Kijana alimtazama msimamizi wake, ambaye alitazama juu. "Nitapika chai, mama."

"Unajua kupika chai?"

"Bado."

Janeffer alimgeukia binti yake. "Na wewe, Nelvine, yeye akirudi amechoka?"

"Nitapika chai," Nelvine alisema, "kama ni siku yangu."

Vigelegele vilipanda kutoka upande wa wanawake, na katikati ya kelele hizo mama yake Weldon, mwanamke mnene aliyevaa kofia ya manyoya, alisimama kwenye safu ya mbele akipunga mkono. "Mniletee huyo kijana Jumatatu!" alipaza sauti. "Ni mimi sikumfunza. Nitamfunza!" Weldon alificha uso kwenye bega la mkewe, Mzee Benard akaanza kupiga makofi, na kwaya ikashika wimbo kabla Janeffer hajapata nafasi ya kurudisha maikrofoni.